Kukagua na Kuwasha Trekta kwa Usalama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni kwa wenye matrekta, madereva na matandiboi wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Yanahusu zaidi matrekta ya dizeli ya silinda 3 au 4 yasiyo na mambo mengi ya umeme, yale tunayoyaona kila siku kuanzia Ismani hadi Mbozi. Pawatila za mpunga, yale matrekta madogo ya kushikwa kwa mikono, zina jibu lake karibu na mwisho. Kipimo kikipishana na kitabu cha trekta lako, fuata kitabu.

Ukaguzi wa asubuhi unachukua muda gani, na nianzie wapi?

Dakika kumi zinatosha ukishazoea. Anzia chini. Kabla hujagusa chochote, inama uangalie ardhi pale trekta lilipolala. Tone jeusi katikati ni oili ya injini. Tone la rangi ya asali upande wa nyuma ni oili ya haidroliki au ya gia. Maji yenye kutu au rangi ya kijani chini ya rejeta ni dalili ya mpira uliolegea au pampu ya maji inayovuja. Dizeli utaijua kwa harufu. Ndiyo maana tunashauri trekta lilale sehemu moja, kwenye ardhi iliyo sawa na iliyofagiwa: kwenye majani hutaona kitu.

Baada ya hapo zunguka mara moja ukiangalia matairi, nati za magurudumu, pini za mikono mitatu ya haidroliki, nyaya na mipira ya mafuta. Kisha fungua boneti upime oili, maji, mkanda wa feni, eya klina na betri. Dizeli iwe ya mwisho, na ufunguo ubaki mfukoni mwako muda wote huo, si kwenye swichi. Mtoto akipanda kwenye kiti wakati kichwa chako kiko kwenye feni, ufunguo usiokuwepo ndio ulinzi ulio nao.

Oili napimaje, na nitajuaje kama imeharibika?

Trekta liwe kwenye usawa, injini imezimwa angalau dakika 10. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe hadi mwisho, chomoa tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili, ikisogelea ya juu. Ikipungua ongeza nusu lita, subiri, pima tena. Kuzidisha nako kuna hasara: mkono wa injini huichapa oili hadi ikatoa povu, na povu halilainishi vyuma.

Weusi peke yake si ubaya, kwa kuwa oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa mpya. Angalia mambo mawili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekufa, usiwashe. Na kama kimo kimepanda wakati hukuongeza kitu, nusa kijiti. Harufu ya dizeli maana yake ngozi ya pampu ndogo ya kuvuta mafuta imepasuka, au sili ya pampu ya nozeli inavuja, na dizeli inateremka kwenye oili. Madereva wengi hufurahi kwamba "trekta hili halili oili", kumbe oili imekuwa nyepesi kama maji na siku si nyingi injini itanoki.

Kwa hali ya hewa yetu, SAE 15W-40 ya injini za dizeli inafaa baridi ya asubuhi na joto la mchana.

Kwa nini matrekta huchemsha sana huku kwetu ingawa hali ya hewa ni ya baridi?

Kwa sababu tuko juu. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni mfuniko wenye springi unaoyabana. Mfuniko ukichoka, au akiupoteza mtu na kuweka wa chupa ya plastiki na kitambaa, maji yanachemka mapema na kumwagika, halafu lawama zinaenda kwa thamostati. Angalia mpira wa mfuniko: ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu, nunua mfuniko mwingine wenye namba ile ile.

Pima maji asubuhi injini ikiwa baridi. Yafike chini kidogo ya shingo. Usifungue rejeta ya moto. Maji yaliyobanwa yakipata upenyo yanaruka kama mvuke usoni. Ikibidi, subiri angalau nusu saa, funika mfuniko kwa gunia lililoloweshwa, zungusha hadi kituo cha kwanza, acha upumue, ndipo umalizie. Wala usimimine maji ya mtoni ndani ya injini iliyochemka. Chuma cha moto kikikutana na maji ya Makete, silinda hedi hupasuka.

Kulenti, ile dawa ya rejeta, ni bora kuliko maji matupu. Inazuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka, na huko Kitulo, Njombe na Mufindi ambako Juni na Julai baridi hugandisha umande, inazuia maji yasigande na kupasua bloku.

Mkanda wa feni ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu: uingie kama milimita 12. Ukilegea zaidi, feni na altaneta vyote vinateleza.

Eya klina niisafishe kila siku?

Ya bakuli la oili, ndiyo, wakati wa kulima kiangazi na wa kupura. Likiwa na tope zaidi ya kimo cha sentimita moja, mwaga, osha kwa dizeli, weka oili hadi kwenye mstari na si zaidi. Ya karatasi usiipulize kila siku. Kila unapoipuliza unaipunguzia maisha. Ipulize pale taa au geji ya kuziba ikionyesha, kwa upepo mdogo, kutokea ndani kwenda nje. Usiigonge kwenye tairi. Karatasi ikichanika hata tundu la pini, vumbi jekundu la Ismani litasaga pistoni kwa msimu mmoja.

Matairi na breki?

Kwa matairi ya kawaida, ya nyuma hupewa psi 12 hadi 16 shambani na ya mbele 26 hadi 30. Tela zito linahitaji zaidi. Soma ubavuni mwa tairi usipite kiwango kilichoandikwa. Jambo kubwa ni matairi mawili ya nyuma kulingana, maana trekta lenye upepo pungufu upande mmoja linainama, na kwenye miteremko yetu kuinama ndiko mwanzo wa kupinduka.

Pedali mbili za breki ziunganishwe kwa kile kikomeo chake kabla hujaingia barabarani. Shambani zikiachana zinasaidia kukata kona, lakini kwenye barabara ya TANZAM ukikanyaga moja tu mbele ya lori, trekta linageuka ghafla na tela linakuja juu yako. Jaribu breki ndani ya mita 10 za kwanza, ungali uani.

Nipe hatua za kuwasha, moja baada ya nyingine.

1. Lisiwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Fungua milango yote miwili au lisogeze nje.
2. Zunguka trekta mara moja. Angalia nyuma ya matairi: watoto, kuku, mtu aliyejilaza kivulini. Sema kwa sauti "nawasha!" na usubiri.
3. Panda kwa upande wa kushoto, ukishika kwa mikono miwili. Kaa kwenye kiti. Kama lina roli ba (fremu ya kukukinga likipinduka), funga mkanda. Kama halina, usifunge.
4. Hendibreki juu. Gia zote nyutro, ya kawaida na ile ya hailo (ya kuchagua kasi kubwa au ndogo). PTO (shafti ya nyuma inayozungusha zana) imetolewa. Mkono wa haidroliki chini, jembe limelala ardhini.
5. Sukuma ndani kivuta cha kuzimia, kama trekta lako linacho. Mkono wa mafuta uweke theluthi moja.
6. Kanyaga klachi hadi mwisho. Hata ukiwa nyutro, inalipunguzia stata mzigo wa kuzungusha oili nzito ya giaboksi.
7. Washa swichi. Taa ya oili na ya chaji ziwake. Ambayo haikuwaka imeungua au waya umekatika, na utaendesha kipofu.
8. Piga stata, si zaidi ya sekunde 15. Likigoma, subiri dakika nzima. Mota ya stata haina feni. Ukiiunganisha mfululizo inaungua.
9. Likiwaka, achia ufunguo mara moja, kisha achia klachi polepole. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini papo hapo.

Fundi wetu huwasha kwa kuunganisha stata na bisibisi akiwa amesimama chini. Kuna ubaya gani?

Hili ndilo swali tunaloomba kila mwenye trekta alisome mara mbili.

Kwenye matrekta mengi kuna swichi ndogo ya usalama iliyofungwa kwenye gia au klachi. Kazi yake ni kukata umeme wa stata kama gia imeingia. Mtu anapoweka bisibisi kwenye skrubu mbili za solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye stata), umeme unakwenda moja kwa moja kwenye mota na kuiruka swichi ile. Trekta haliulizi tena kama lipo kwenye gia. Sasa angalia aliposimama huyo mtu: stata ipo ubavuni mwa injini, kwa hiyo miguu yake iko mbele kabisa ya tairi kubwa la nyuma. Gia ikiwa imeingia, injini inashika na trekta linaondoka wakati huo huo. Tairi linamkamata mguu, linampanda kifuani. Hapati nafasi ya kuruka, kwani trekta huondoka kabla hajasimama wima.

Na gia huingiaje? Dereva wa jana alilizima kwenye mteremko akaliacha kwenye gia lisiteremke. Mtoto alicheza nalo. Nyutro imechakaa, mkono unaonekana uko katikati lakini ndani gia imeshika. Hakuna uzoefu unaomwambia mtu aliye chini kwamba gia iko huru.

Dawa yake ni rahisi kuliko mazishi. Swichi ya ufunguo, waya wa solenoidi na swichi ya usalama ni vipuri vinavyopatikana madukani, na fundi umeme anavifunga kwa muda mfupi. Hadi vitengenezwe trekta lisimame. Ukikuta swichi ya usalama imeunganishwa waya moja kwa moja, irudishe. Na skrubu za stata zifunikwe kwa kofia ya mpira ili hata mwenye haraka asipate pa kuweka bisibisi.

Asubuhi za Juni trekta haliwaki kabisa. Nifanyeje?

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ya petroli. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Hewa na chuma vikiwa baridi, joto halifiki. Kwa hiyo tumia hita. Kwenye Massey nyingi za zamani ufunguo una kituo cha hita kabla ya stata: shikilia hapo sekunde 15 hadi 20, kisha endelea. Hita ile inachoma dizeli kidogo ndani ya njia ya hewa; ikiwa bomba lake jembamba limezibwa kwa skrubu, kama tunavyokuta mara nyingi, haifanyi kazi yoyote.

Betri nayo ikifika nyuzi sifuri hupoteza karibu theluthi ya nguvu yake, huku oili ikiwa nzito kuzungushwa. Kwa wanaoishi Makete au Mufindi, kulaza betri ndani ya nyumba mahali penye hewa kunasaidia kuliko wanavyodhani. Unaweza pia kujaza rejeta kwa maji ya uvuguvugu, yasiwe yanayochemka.

Usipulize dawa ya kuwashia yenye etha kwenye injini yenye hita au glou plagi. Inalipuka kwenye njia ya hewa na kuvunja pistoni. Usichome matambara chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) wala kwenye tundu la eya klina. Chini ya trekta kuna dizeli, oili na majani makavu, na moto ule huanza na mipira.

Nikipiga stata inalia "ka" halafu kimya.

Anza na vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, suuza kwa maji ya moto, kwangua hadi risasi ing'ae, funga chanya kwanza na hasi mwisho, paka grisi juu. Fuata waya wa bodi hadi unapofungwa kwenye chuma. Rangi na kutu pale ndio ugonjwa wa matrekta mengi yanayosemwa "betri mbovu".

Kisha pima. Betri ya volti 12 iliyopumzika ikiwa imejaa inasoma 12.6. Chini ya 12.2 ichajiwe. Injini ikiwaka isome 13.8 hadi 14.4, isipofika, altaneta haichaji. Maji ya betri yafunike sahani kwa kama milimita 10, na yawe maji ya betri, si ya bomba.

Naweza kubusti kwa betri ya lori?

Malori mengi makubwa yana volti 24. Ukichukua zote kwenye trekta la volti 12 utaunguza altaneta, taa na stata, na betri inaweza kupasuka na kukumwagia asidi. Tumia gari la volti 12. Magari yasigusane. Waya mwekundu: chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima. Waya mweusi: hasi ya nzima, na mwisho chuma kitupu cha injini ya trekta, mbali na betri. Cheche ya mwisho isitokee juu ya betri kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni.

Stata inazunguka vizuri lakini haliwaki, wala halitoi moshi.

Kutotoa moshi maana yake dizeli haifiki. Kabla ya kufungua spana yoyote: koki ya tanki iko wazi? Kivuta cha kuzimia kimesukumwa ndani? Dizeli ipo? Kama liliishiwa mafuta au ulibadili filta, hewa imeingia na lazima itolewe.

Jaza tanki. Legeza skrubu iliyo juu ya filta mzunguko mmoja na nusu. Pampu kwa mkono ile pampu ndogo ubavuni mwa injini. Kwanza itatoka povu, kisha mapovu ya mojamoja, kisha dizeli tupu. Ifunge huku bado inatoka. Mkono wa pampu ukiwa mlegevu hausukumi kitu, usidhani umekufa: kamu imeusimamisha juu. Zungusha injini mara moja kwa stata, ujaribu tena. Rudia kwenye skrubu za pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati mbili kwenye nozeli, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho, mwenzako aliyekaa kwenye kiti apige stata hadi dizeli irushe, kisha kaza.

Usiweke kidole wala uso karibu na nati hizo. Nozeli hufunguka kwa shinikizo la zaidi ya baa 170, na dizeli kwa nguvu hiyo hutoboa ngozi. Kidonda kinaonekana kama cha mwiba, hakiumi sana, lakini kidole kinaoza ndani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na useme wazi kwamba ni dizeli ya shinikizo. Mivujo ya mipira ya haidroliki nayo itafute kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja.

Kuzuia hewa na maji: chuja dizeli ya dumu kwa kitambaa kizito, mwaga maji kwenye kikombe cha filta kila asubuhi, na jaza tanki jioni. Tanki tupu likilala kwenye baridi yetu, unyevu wa hewa unageuka matone kwenye kuta zake na kuteremka kama maji.

Moshi unasemaje?

Mweupe dakika za kwanza ni baridi. Ukiendelea injini ikishapata moto, nozeli mbovu au mgandamizo mdogo. Ukiwa na harufu tamu na rejeta inapungua, maji yanaingia silinda. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: angalia eya klina kwanza. Kumbuka pia kwamba injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Trekta lililovuta plau la disiki tatu Usangu litafoka moshi mweusi likipelekwa na plau hilo hilo Matamba. Punguza disiki, usiongeze mafuta kwenye pampu.

Likishawaka, naweza kuondoka mara moja?

Subiri dakika 3 hadi 5 kwa mizunguko kama 1,000. Usilivumishe. Tazama geji ya oili, ya joto na taa ya chaji, kisha inua na ushushe haidroliki mara mbili.

Kabla ya kuingiza PTO hakikisha kinga ya shafti ipo na inazunguka kwa uhuru. Shafti ya mizunguko 540 kwa dakika inazunguka mara 9 kila sekunde. Koti refu la baridi, skafu, kanga iliyofungwa kiunoni: ncha ikishikwa, mtu amekwenda nayo kabla hajapiga kelele. Na kiti ni cha mtu mmoja. Tandiboi asikae kwenye madigadi wala kusimama kwenye ndoano ya nyuma.

Betri imekufa na nipo mlimani. Niliachie literemke liwake kwa gia?

Hapana. Lisipowaka huna usukani wa haidroliki, na ukilikosea gia linabaki nyutro likikimbia. Kuvutwa kwa mnyororo na gari jingine nako kuna hatari ile ile, na mnyororo ukikatika unarudi kwa aliye nyuma.

Pawatila yangu inawashwa kwa hendeli. Kuna tahadhari gani?

Kwa wakulima wa Mbarali na Pawaga: mkono wa klachi uwe kwenye kituo cha breki, na gia nyutro. Maji ya hopa (tanki la maji ya kupozea injini) yajae; kile kichwa chekundu kinachoelea kikizama, ongeza. Fungua koki ya mafuta, mkono wa mafuta katikati. Shika hendeli na kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kisikumbatie. Injini ikirudisha teke, hendeli itateleza mkononi badala ya kuvunja gumba na kifundo. Inua kwa mkono wa kushoto kile kinachoachia mgandamizo, zungusha kwa kasi, achia, na uendelee kuzungusha hadi ishike. Hendeli inajichomoa yenyewe. Itoe, usiiache ikining'inia.

Trekta limekaa tangu Mei, sasa ni Novemba na mvua zinakaribia. Nianze na nini?

Panya. Fungua eya klina, angalia ndani ya bomba la moshi, chini ya boneti na nyuma ya dashibodi. Kiota kikivutwa kwenye injini, au nyaya zilizotafunwa zikigusana, hasara ni kubwa kuliko huduma ya mwaka mzima. Ukitia mkono vaa glavu na utumie kijiti kwanza, nyoka nao hufuata panya.

Mwaga dizeli ya chini ya tanki lita moja kwenye chupa angavu, iache itulie. Ukiona tabaka la maji chini au utelezi mweusi, mwaga yote na ubadili filta. Chaji betri. Pampu grisi kwenye kila nipo (chuchu ya kuingizia grisi) hadi ya zamani itoke. Badili oili kama ililala na oili ya msimu uliopita. Kisha vuta kivuta cha kuzimia ili lisiwake, piga stata sekunde 10 mara mbili, hadi taa ya oili ififie au geji isogee. Oili itakuwa imeshafika kwenye bearingi, na ndipo ukisukume kivuta ndani uliwashe.